Kesi ya Kidonda cha Mjukuu

Mama mkwe wangu alimshtaki nesi asubuhi, kabla chai haijachemka. Nilikuwa kitandani na mtoto kifuani, nikamsikia akivaa viatu vyake vya mpira, vile vya kwendea kwenye tangawizi, na kwa namna alivyovikanyagia sakafuni nikajua shambani haendi. Aliporudi alikuwa ameshafika kwa mwenyekiti wa kitongoji, ameshaeleza, ameshapangiwa siku: Jumapili, baada ya ibada. Akajimiminia chai, akakata kiazi kwa mkono, akasema, "Haya. Sasa tule."

Mshtakiwa alikuwa nesi wa zahanati ya kule mlimani. Kosa lake lilikuwa kidonda kwenye mkono wa kulia wa mwanangu, karibu na bega, pale pale alipomchoma chanjo ya kifua kikuu siku mtoto alipozaliwa.

Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wanatuonea. Ng'ombe hatuuzi mpaka kesi ifike kwenye rufaa. Mama mkwe wangu alikuwa ameshinda kesi ya mpaka, kesi ya mbuzi aliyekula miche ya kahawa, na kesi ya mfereji wa maji ambayo aliishinda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika na jinsi alivyoshinda. Mtu wa aina hiyo akikaa kimya siku mbili akitazama kidonda cha mjukuu, jirani mwenye akili huanza kutafuta shahidi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Same mjini. Nimezaliwa Msangeni, Upare wa kaskazini, nikaolewa kusini, na kwa miaka yote hiyo wakwe zangu wamenitania kwamba Chasu changu, yaani Kipare changu, kina kokoto. Nilipokaribia kujifungua nilipandishwa mlimani, ng'ambo kidogo ya Myamba, mama mkwe anitunze kama desturi inavyotaka. Na alinitunza! Makande yenye maziwa, uji wa ulezi mzito hadi kijiko kinasimama, supu asubuhi, maji ya moto jioni. Mtoto alimwogesha yeye mwenyewe, akimwita "mume wangu" na kumwuliza kwa nini analala sana ilhali nyumba haina mbao za kutosha. Niseme wazi: katika maisha yangu sijawahi kupendwa kwa bidii kiasi kile, na mimi nilimpenda mama yule kuliko nilivyotarajia siku naolewa.

Kwa hiyo ugomvi ulipokuja uliniuma.

Ulianza na furaha yangu. Pale palipochomwa sindano palikuwa pamekaa kimya wiki kadhaa, kama kwamba hakuna kilichotokea. Halafu kikatokea kipele. Kikawa chekundu, kikakua, kikaiva, na asubuhi moja kikapasuka na kutoa usaha kidogo. Nikapiga makofi. "Mama, njoo uone! Chanjo imeshika!"

Mama mkwe alikuja, akatazama mkono wa mtoto, kisha akanitazama mimi kama anayemtazama mtu anayefurahia sufuria kuungua. Alitoka, akarudi na tangawizi iliyopondwa kwenye kibakuli.

Nikafunika bega la mtoto kwa kiganja. "Nesi alisema kisipakwe kitu, mama. Kioshwe kwa maji safi, kiachwe kikauke chenyewe."

"Nesi ndiye aliyekileta," alisema. "Mwizi akikuelekeza njia aliyopita, utaifuata?"

Tangawizi akaiweka chini, maana hakuwa mtu wa kunyang'anyana mtoto. Akakaa kwenye kigoda. Kwa sauti ya upole kabisa akaniuliza, "Ndani ya ile sindano mlikuwa na nini?"

Hapo ndipo ualimu uliponiponza. Mtu akiniuliza swali zuri siwezi kujizuia kulijibu sawasawa. Nikasema, "Bakteria, mama. Jamaa wa wale wa kifua kikuu. Wako hai, ila wamedhoofishwa."

"Hai?"

"Hai, ila wame..."

"Inatosha."

Akalirudia jibu langu kwa Chasu, polepole, neno kwa neno, ili asilisahau: walimchoma mtoto vijidudu hai. Akakitazama kidonda siku mbili zaidi, ndipo akavaa vile viatu. Nikawa nimegeuka shahidi wa upande wa mashtaka bila hata kuapishwa.

Kesi yenyewe isingenitisha. Kilichonitisha ni lile alilolisema tukiwa tunakula: "Mpaka iamuliwe, mjukuu wangu hakanyagi zahanati." Kliniki ya wiki ya sita ilikuwa wiki inayofuata, yenye sindano za mapajani na matone ya mdomoni, na mimi nilikuwa nimezika mwanafunzi mmoja kwa ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia. Miguu ilikuwa yangu, na mtoto wangu; ningeweza kumbeba nikaenda. Lakini kumpita mama katika nyumba yake, katika siku alizokuwa akinilisha kwa mkono wake, ingekuwa kama kuhama nyumba ile huku nikiendelea kulala ndani yake. Nilimpigia mume wangu, aliyekuwa Same kazini. Akasikiliza yote, akasema, "Mke wangu, hayo ya vijidudu unayajua wewe. Na mama unamjua." Kisha mtandao ukakatika. Mtandao wa mume wangu hukatika vizuri sana kila mama yake akitajwa.

Huku nyuma, binamu wa mume wangu alikuwa ameshapiga picha kidonda na kuirusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Shangazi mmoja wa Dar es Salaam aliandika kwamba twende mahakamani moja kwa moja, baraza la nini. Mwingine aliuliza kama mtoto amefanana na babu yake. Wengi walituma mikono ya kusali.

Nesi mwenyewe alikuwa binti kutoka Rombo, Mchaga, na hilo peke yake lilitosha kuwa nusu ya mashtaka. Nilikutana naye Jumamosi sokoni Myamba, akinunua maharage. Nilidhani nitamkuta na hasira. Akacheka. "Dada, wala usihangaike. Kesho naleta isale, namwomba mama radhi, yanaisha."

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaouotesha mipakani, kwetu na kwao Wachaga vile vile. Ni alama ya mpaka, na ni alama ya radhi pia. Mtu akija kwako ameshika isale, umekoseshwa nguvu. Kumkatalia ni kujitafutia balaa. Niliposikia hivyo nilishusha pumzi mpaka mtoto mgongoni akashtuka. Amani ndani ya nyumba, kliniki wiki ijayo, na nesi haoni tabu. Nilitaka kumkumbatia pale pale kwenye maharage.

Hatua chache mbele, penye magunia ya tangawizi, nikawakuta kinamama wawili wenye watoto wachanga. Mmoja, msichana wa ndoa ya juzi tu, alinisimamisha. "Mwalimu, ni kweli nesi anakuja kuomba radhi?"

"Nasikia hivyo."

"Basi ni kweli sindano ilikuwa mbaya." Akamvuta mtoto wake karibu. "Wangu naye kimeanza kutoka. Mimi simrudishi tena pale."

Nilisimama na kapu langu nikijisikia mjinga. Isale ingeponya nyumba yetu na kuihukumu chanjo. Ukiomba radhi umekiri. Kwetu hakuna radhi ya hewani. Na mlima mzima ungesikia kabla ya jioni kwamba nesi amekiri.

Nikarudi kwa nesi. "Isale usilete."

Safari hii hakucheka. "Dada, nisipoleta isale, kesho atanisemea nani? Mimi Chasu sijui. Na yule mama nimesikia habari zake."

"Nitasema mimi."

"Dhidi ya mkweo? Mbele ya watu?"

Nikasema ndiyo, halafu nikaenda nyumbani. Usiniulize kama nilikula makande ya jioni ile. Nilikula.

Jumapili ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la kanisa. Tulikutana kwenye kibaraza cha mwenyekiti, wazee kwenye mabenchi, kinamama kwenye mikeka, na watu wengi zaidi ya waliohitajika, kwa sababu kesi nzuri kwetu haihitaji mwaliko. Yule msichana wa sokoni alikuja pia. Nesi alikaa pembeni ameshika khanga yake kwa mikono miwili, na mimi nikaona ncha ya jani la kijani imechungulia. Alikuwa ameileta hata hivyo, kwa tahadhari.

Mama mkwe alisimama amevaa kitenge chake cha sherehe. Alikuwa hodari, nami nilijivuna huku nikimwogopa. Alieleza ujauzito, uchungu, kuzaliwa kwa mtoto, ngozi yake nyororo kama ganda la maharage mabichi. Akaeleza sindano. Akamfunua mtoto mkono, akawazungushia wazee wote mmoja mmoja, na kila mzee akainama, akatazama, akatoa sauti ya huruma kooni. Kisha akasema, "Shahidi wangu ni mkwe wangu."

Sikuwa nimetegemea hilo.

"Mwalimu," aliniambia, "waeleze wazee ndani ya sindano mlikuwa na nini."

"Bakteria hai," nikasema. Ningesema nini?

Kibaraza kikavuma. Nesi akaanza kuinuka, mkono ndani ya khanga. "Subiri!" nilimwambia, kwa sauti ninayoitumia kwa Kidato cha Pili baada ya chakula cha mchana. Akakaa. Wazee wawili nao wakakaa vizuri.

Nikamgeukia mwenyekiti. "Shikamoo mzee. Naomba ruhusa shahidi aulize."

"Marahaba. Shahidi huwa haulizi," alisema. Akafikiri. "Lakini uliza."

"Shamba lako na la jirani yako yametenganishwa na nini?"

"Na masale. Hata wewe wa kaskazini si unajua?"

"Hakuna ukuta wa tofali?"

"Tofali la nini? Hapa nani anajengea shamba ukuta?"

"Sasa, asubuhi moja uingie kwenye migomba yako ukute kipande cha tofali. Kimoja tu. Utafanyaje?"

Hakuna aliyemngoja mwenyekiti ajibu. "Napiga yowe!" alisema mzee wa kwanza. "Naita majirani!" "Nakuita wewe mwenyekiti!"

"Hata kama aliyekileta hujamwona?"

"Tofali halina miguu!"

"Hata kama aliyekileta amekwisha kufa?"

Kisha mzee mmoja wa mwisho wa benchi akasema, "Warithi wake si wapo?" Wote wakakubali kwamba hiyo ndiyo sheria.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi ukuta wa seli kama kitu cha kukariri: mmea unao, bakteria anao, mnyama hana. Wanaandika, wanapata alama, wanasahau. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiufundisha kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Asubuhi ile, mbele ya wazee wale, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba neno hilo "hana" ndilo lenye uzito wote.

Nikawaambia kwamba mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na hakuna hata kimoja chenye ukuta. Kila chumba kimezungushiwa utando laini, mpaka ulio hai, kama masale. Bakteria yeye ana ukuta, tena huyu wa jamii ya kifua kikuu ana ukuta mnene wenye mafuta kama nta, mgumu kuliko wa wengine. Walinzi wetu, zile chembe nyeupe za damu, wakimmeza na kuanza kumvunja, wanashika mikononi vipande vya ukuta. Na kwa kuwa mwilini hakuna tofali, kipande kimoja tu kinatosha. Hawangoji kumjua aliyekileta ni nani. Wanapiga yowe. Wengine wanakuja mbio, pale mahali panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto. Usaha ni walinzi waliofia kazini. Wataalamu wamejaribu hata bakteria waliokufa, wakaona mabaki ya ukuta wao peke yake yanaamsha kinga.

"Na kesi ya namna hiyo ikishasikilizwa," nikasema, "mwili hauisahau. Kifua kikuu chenyewe, kile kikali, kikija kubisha hodi, kinakuta baraza limeshakaa."

Wazee walipenda hilo la baraza. Mmoja aliomba nilirudie kwa Chasu, nikalirudia, na kokoto zangu hazikuchekwa na mtu.

Lakini mimi sikuwatazama wao. Nilimtazama mama, ambaye alikuwa bado amesimama. Nilikuwa nimempinga mbele ya kijiji kizima, kwa mfano wa shamba, uwanja wake mwenyewe. Nikafikiri: akiondoka hapa bila kunitazama, nimempoteza.

"Nina swali," alisema.

Mwenyekiti akamwashiria aulize.

"Hicho kidonda amekitengeneza nani?"

"Mtoto mwenyewe, mama. Nesi ameweka kijidudu dhaifu, basi. Uvimbe, wekundu, usaha, yote hayo ni kazi ya mwili wa mtoto."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Bila kusaidiwa?"

"Bila kusaidiwa na mtu."

Akafunua kitenge. Mwanangu alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeanguka upande kwa sababu shingo haikuwa imekaza bado. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

"Wazee," alisema alipoweza kusema, "mtaniwia radhi. Nilikuja kumsemea huyu nikidhani hana mdomo. Kumbe ameshafungua kesi! Kichwa hawezi kukibeba, na kesi ameshafungua!" Akamwinua mtoto juu ili hata wa nyuma wamwone. "Ni wetu huyu. Mwenye shaka na aje aseme leo!"

Kinamama wakapiga vigelegele. Mtoto akaamka, akatazama ukungu kwa dharau, akalala tena.

"Sasa mwenye kesi yupo na anaiendesha mwenyewe," aliendelea mama. "Mimi ni nani nimwingilie? Naiondoa yangu."

"Na kidonda?" aliuliza mwenyekiti, kwa utaratibu.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye." Kisha akamgeukia nesi, na kwa mara ya kwanza akasema naye kwa Kiswahili: "Na wewe binti, hilo jani ulilolificha kwenye khanga lirudishe ulikolitoa. Hapa hakuna aliyekosa."

Lilisemwa kwa sauti, na yule msichana wa sokoni alilisikia, na mimi nilimwona akilisikia. Nililia bila aibu. Wazee kwa upande wao waliondoka wakinung'unika. Yule wa mwisho wa benchi aliniambia kwamba kesi kama ile, ikishikwa na watu wenye subira, ingeweza kwenda mpaka mavuno.

Siku ya kliniki mama alimbeba mtoto yeye mwenyewe. Mwendo ambao mimi ningeutembea upesi ulituchukua asubuhi nzima, maana kila tuliyekutana naye alifunuliwa mkono wa mtoto na kuelezwa habari za kesi, hata dereva wa bodaboda mmoja aliyekuwa na haraka zake na kuku watatu kwenye usukani. Pale zahanati, yule msichana alikuwa ameshakaa kwenye foleni na mtoto wake. Kinamama wakaanza kulinganisha vidonda. Mmoja alikuwa na huzuni kwa sababu bega la mwanawe lilikuwa safi kabisa. Nesi akamwambia asiogope, si kila mtoto huonyesha, na kinga yaweza kuwapo bila kovu. Mama mkwe wangu akamwongezea kwamba kuna watu huendesha kesi zao kimya kimya, na hao ndio wa kuogopa.

Zamu yetu ikafika.

"Shikamoo mama," alisema nesi.

"Marahaba, mwanangu. Leo wapi?"

"Mapajani."

Mama akaketi, akampakata mtoto, akashika mguu mdogo kwa mkono uleule uliolima tangawizi maisha yake yote. Sindano ikaingia. Mwanangu alinyamaza kidogo, kama anayetafuta maneno, kisha akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti nzima, nyekundu, iliyotoka mpaka barabarani. Nikafungua vifungo vya blauzi haraka nimpe ziwa anyamaze.

Mama mkwe akanizuia kwa kiwiko.

"Mwache kwanza," alisema. "Anatoa maelezo yake."